Nesi wa Kupepea

Verdell Tolliver alikuwa nesi, ila nesi wa kanisani. Kila Jumapili alivaa gauni jeupe lililonyooshwa kwa pasi hata nzi angeteleza, kofia nyeupe, soksi nyeupe, viatu vyeupe, akasimama kando ya viti kusubiri waumini wazidiwe na Roho. Ukianguka, anakupepea. Ukilia, anakupa leso. Ukianguka kwa kujionyesha, anakufinya kidogo, unapona papo hapo. Udaktari wake uliishia hapo.

Jumapili hiyo kwaya ilikuwa imepamba moto simu ilipomtetemekea mfukoni. Alikuwa Latrice, bintiye, siku ya sita tangu ajifungue.

"Mama, kichwa kinapasuka. Tangu jana. Sasa naona vitu vinamemeta mbele ya macho."

"Miguu je?"

"Viatu vya Cedric ndivyo vinavyonitosha."

Verdell hakungoja hata sadaka. Mdogo wake, Ernestine, alisema maneno hayo hayo siku ya nane baada ya kujifungua. Daktari akamwambia anywe maji, alale. Akalala kweli. Hakuamka tena.

Hospitali ya mtaani kwao, mtaa wa watu weusi, ilifunga wodi ya wazazi miaka miwili nyuma. Tangu hapo, ukitaka kuzaa au kufa kwa utaratibu, sharti uvuke barabara kuu kwenda upande wa wazungu. Cedric, baba wa mtoto, alibaki na kichanga, Verdell akaendesha gari, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye goti la bintiye.

Mapokezini alikuwepo msichana wa kizungu mwenye miwani ya waridi.

"Kadi ya bima."

Alipewa. Akaigeuza, akaigeuza tena, kana kwamba upande wa pili ungekiri kosa.

"Binti yangu huyu ana siku sita tu tangu ajifungue," Verdell akasema. "Mpimeni presha, tafadhali."

"Wazazi wapya huwa wanachoka, mama. Kaeni, mtaitwa."

Wakakaa. Akaitwa kijana aliyeteguka kifundo akicheza tenisi. Akaitwa bibi aliyeumwa na paka wake mwenyewe. Hao wote waliingia mlangoni baada yao. Verdell alirudi dirishani mara ya pili, kisha ya tatu.

"Mama, ukija tena nitamwita mlinzi."

Mlinzi, aliyekuwa ameegemea ukuta, akanyanyua macho. Latrice akamvuta mama yake gauni.

"Mama, usipige kelele. Watasema sisi wakorofi, watatutoa."

"Na nikinyamaza?"

Latrice alikuwa amefumba macho, na kope zake zilichezacheza kwa namna ambayo Verdell hakuipenda hata kidogo. Akisema, watatupwa nje. Asiposema, kuna Ernestine. Saa ya ukutani ilionyesha wamekaa saa nzima na dakika kumi. Alisimama asijue anakokwenda, akajishika kiuno karibu na kiti cha magurudumu kilichoachwa wazi.

Mlango wa ndani ukafunguka. Mwanamume wa kizungu mwenye sare ya hospitali akatoa kichwa, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe! Mbona umezubaa? Hicho kiti kinatakiwa ndani!"

Verdell akageuka nyuma aone anaambiwa nani. Hapakuwa na mtu. Akajitazama gauni.

Maisha yake yote wazungu walikuwa wakimdhania mfagizi, yaya, mpishi; akiingia dukani anaulizwa sabuni iko wapi. Kila mara alikuwa akiwarekebisha, tena kwa ulimi mkali. Leo aliumeza ulimi.

"Naam, bosi. Nakileta."

Akamkalisha Latrice kitini, akasukuma. Mlinzi akawafungulia mlango.

"Mama, tutafungwa," Latrice akanong'ona.

"Nyamaza. Mgonjwa wangu haongei ovyo."

Ndani alimkuta daktari, mwanamke mrefu mwenye faili kwapani. Verdell akaitoa sauti ambayo hakujua anayo, kavu, isiyoomba.

"Mzazi wa siku sita. Kichwa, macho, miguu imevimba. Presha haijapimwa."

Daktari hakumtazama usoni. Aliutazama mkono wa Latrice, akaufunga kipimo. Mia moja themanini na tisa kwa mia na ishirini. Hapo ndipo watu walipoanza kukimbia. Dripu ikaletwa, ikaletwa dawa ya kuzuia degedege, na taa zikapunguzwa.

"Amekaa nje muda gani?" daktari akauliza. Alipoambiwa, akakunja uso. "Na wewe ni wa wodi gani?"

"Wodi ya Kanisa la New Bethel. Safu ya tatu, kushoto." Verdell akachomoa mfukoni upepeo wake wa karatasi. "Kazi yangu kupepea."

Daktari akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Basi mpepee," akasema.

Alipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Ilikuwa alasiri daktari aliposema presha inashuka, na Latrice akafumbua macho akaomba aletewe mwanawe. Verdell alitoka kwenda kumpigia Cedric simu. Hakujua atazame wapi, machozi yakimtoka, na kwenye korido, kando ya kile kiti cha magurudumu, akakutana na yule mwanamume wa asubuhi.

"Wewe, hicho kiti rudisha mapokezi."

"Naam, bosi."

Akakisukuma mpaka kwenye mabenchi. Msichana wa miwani alikuwa ameinamia kompyuta yake. Verdell akajifuta macho, akainyoosha kofia.

"Haya, nani mwingine hajasikilizwa hapa?"

Mikono miwili ikanyooka.