Mtungi Ulioinama

"Mtungi umelala tena, shemeji," mkaguzi alisema, na moyo wake ukaruka kwa furaha aliyoionea haya.

Sarafu ilikuwa bado na joto la mashine. Aliishika kushoto na kulia kwa vidole viwili, ndege wa upande wa mbele akiwa amesimama wima, akaipindua kichwa chini miguu juu, kama sarafu zote zinavyopinduliwa pale kwenye kiwanda cha sarafu. Upande wa pili mtungi nao ulipaswa kusimama. Kuinama kidogo husamehewa, maana hata chuma huchoka. Lakini huu ulikuwa umelalia ubavu kama mlevi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alijifuta jasho. Mashine hii ya kugonga sarafu aliirithi kwa kaka yake.

"Skrubu nimekaza mpaka mkono unauma. Muhuri wa mtungi unazunguka wenyewe! Na msimamizi kaapa, asipoukuta umetulia leo jioni, nisirudi tena. Watoto watakula nini?"

"Ingekuwa skrubu, ungeyumba huku na huku. Huu unakwenda upande mmoja tu, polepole, halafu unakoma."

Kila siku ulikoma pale pale, mtungi mdomo chini. Asubuhi shemeji aliunyoosha, baadaye ukarudi. Msimamizi aliuita uzembe. Mkaguzi hakuuita kitu. Alizisubiri sarafu zile kama mke anayesikiliza hatua mlangoni.

Kufika adhuhuri mtungi ulikuwa umeshapinduka kabisa. Kwa uchovu mkaguzi akafanya kosa la wageni wa kazi: akaigeuza sarafu kwa ubavu, kama mtu anayefungua ukurasa. Mtungi ukasimama wima.

Akaigeuza tena vile vile; wima. Medali ndiyo hugeuzwa hivyo, kwa kuwa huning'inia kifuani. Na kazi ya mwisho ya mumewe ilikuwa medali ya wazimamoto. Alianguka akafa mkono ukiwa kwenye mashine hii hii, hajagonga hata moja, na kazi ikapelekwa kwingine, mihuri yake ikabaki stoo.

"Shemeji, kaka yako hajaondoka. Ana kiporo cha kazi."

Shemeji alitaka kucheka, akashindwa. "Toba! Sasa tufanyeje?"

La kufanya alilijua. Alijua pia kwamba akinyamaza, kesho mtungi utainama tena, na keshokutwa, na wa kulala njaa ni watoto wa shemeji yake. Akaiweka ile sarafu kwenye trei.

"Kalete mihuri ya medali," akasema mwishowe. "Tumwache amalize."

Waliifunga kwenye mashine, wakaweka kipande cha shaba katikati. Shemeji alizima umeme, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mashine ikagonga. Iligonga mara moja tu, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha waliolala.

"Pole na kazi, baba," mkaguzi alinong'ona, kama alivyokuwa akimpokea mumewe kila jioni.

Wakarudisha mihuri ya sarafu, wakawasha umeme. Msimamizi alipokuja, alichota sarafu kwenye trei, akazipindua, akaguna.

"Kumbe ukitaka unaweza," alimwambia shemeji, akaenda zake. Shemeji akakaa sakafuni, akalia kwa shukrani.

Mkaguzi alibaki kwenye trei. Alizichukua sarafu moja moja, akazipindua, akitafuta japo mtungi mmoja ulioinama kidogo. Mitungi yote ilikuwa imesimama wima.