Pua ya Mama Mkwe

Nilikuwa nimefunua mfuniko wa pipa kwa mara ya tano ndani ya saa moja, na bado sikujua ninachotafuta. Moshi ulinipiga usoni, macho yakachuruzika machozi, nikafunika. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda kufungua tundu la chini ili hewa iingie, nikarudi kuliziba. Ndipo mama mkwe akatoka jikoni na sufuria ya maji, akanisukuma kando kwa bega, akaung'oa mfuniko na kuyamwaga maji yote juu ya makaa.

"Unapika nini humo," akauliza, "rangi?"

Kuku wawili walikuwa wamelala juu ya wavu, wameiva rangi ya asali kila upande. Kwa macho yangu hawakuwa na kasoro hata moja, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Miezi saba kabla ya hapo niliugua homa. Siku ya tisa niliamka mwili mwepesi, nikachemsha chai yenye mdalasini na tangawizi, nikanywa maji ya moto. Nilidhani nimesahau viungo. Nikafungua kopo la mdalasini, nikaingiza pua yote humo hadi nikapiga chafya, na sikusikia kitu. Nilinusa sabuni, viatu vya mume wangu, kitambaa cha kufutia meza. Dunia nzima ilikuwa imeoshwa ikaanikwa.

Kwa mtu mwingine huo ni usumbufu tu. Mimi nilikuwa mpishi. Nilipika kwenye kantini ya kiwanda, sahani mia nne kila mchana, chini ya mzee tuliyemwita Mpishi Mkuu, aliyekuwa anakaribia kustaafu. Wote walijua ufunguo wa stoo utakuja kwangu. Mzee yule hakuwa na haja ya kufunua vyungu. Alipita katikati ya majiko mikono nyuma, akasema, "Hicho kimeshika chini," na kweli ungekuta kimeshika. Alituambia kila mara kwamba mpishi asiyesikia harufu ni hatari kuliko jiko linalovuja gesi.

Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilipika kwa saa na kwa kumbukumbu. Vitunguu nilivihukumu kwa rangi. Asubuhi niliinamia ndoo ya maziwa, nikafumba macho kama mjuzi, nikasema, "Mazuri." Siku moja niliyasifu maziwa yaliyochacha. Bahati ilikuwa yangu, yakakatika kwenye birika kabla hayajafika kikombeni kwa mtu, nami nikamlaumu muuza maziwa mbele ya watu. Nalionea aibu mpaka leo.

Kisha Mpishi Mkuu akanijia akiwa anavua aproni. "Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja kula kwako," akasema. "Sitaki chakula cha kantini. Nataka chako."

Usiniulize niliipataje akili ile, lakini nilichagua moshi. Moshi ni harufu unayoweza kuiona. Ukitoka mweupe na mzito, nyama itakuwa chungu. Ukitoka mwembamba, karibu usionekane, mambo ni mazuri. Niliona nimepata mlango wa nyuma.

Nikatafuta pipa dogo la chuma lenye mfuniko, la kunifika kiunoni. Muuza vyuma chakavu aliniapia kuwa lilibeba mafuta ya kula. Nikalisugua kwa maji ya moto na sabuni. Nikatoboa matundu matatu chini na kuyawekea vibati vya kuteleza, ili niongeze au nipunguze hewa. Nikapitisha nondo mbili katikati, juu yake nikaweka wavu niliong'oa kwenye oveni iliyokufa. Chini nikaning'iniza kikapu cha waya cha makaa, na kati ya makaa na nyama nikaweka karai la maji. Mfuniko niliutoboa mara mbili: tundu moja la bomba fupi la kutolea moshi, jingine la kipimajoto. Jirani aliniazima drili, nikaimaliza makali. Nilifanya kazi ile kama ninayekimbizwa, kwa sababu mikono ikitulia nilianza kuwaza.

Mama mkwe alinitazama kutoka mlangoni. "Wewe," akasema, "hujawahi kukalia kiti kikapata joto."

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja tukiishi pamoja. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani yupo siku nne kwa mwezi, kwa hiyo ndoa yangu kwa sehemu kubwa ilikuwa na mama yake. Na mama yake alikuwa na pua. Kabla hajapiga hodi, pua ilikuwa imeshaingia, imekagua sufuria na kutoka. "Vitunguu umeviharakisha." "Mafuta haya ya juzi." Sifa yake kubwa ilikuwa kunyamaza. Niliiogopa pua ile kuliko ya Mpishi Mkuu, maana ya mzee niliiacha kazini.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu, makaa yakifuka mvuke, na paja la kuku mkononi. Akaliinua hadi chini ya pua yangu.

"Nusa."

Nikanusa. "Moshi."

"Moshi wa nini?"

Akaninusisha tena, safari hii taratibu, na akawa ananitazama mimi, si kuku.

"Linanuka tina ya kuchanganyia rangi," akasema. "Mtoto mchanga angelia. Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu homa ile."

Akakaa kwenye stuli yangu na lile paja la kuku mkononi. "Miezi saba," akasema. "Na mimi nikadhani umeanza kunipikia kwa dharau."

Hapo nililia. Nililia kwa ajili ya mdalasini, na maziwa, na muuza maziwa, na huyu mama aliyekula miezi saba akiamini anatukanwa kwa mchuzi, na hakusema. Aliniacha nilie. Kisha akaenda kuwatupa kuku wote shimoni na kuwafukia, paka wasiwafikie.

"Pipa halina kosa," aliporudi alisema. "Halijaungua tu."

Tukaliunguza. Siku tatu tulilijaza kuni, tukawasha moto mkubwa hadi rangi ya nje ikabanduka yenyewe, nami nikikwangua ndani kwa brashi ya chuma kila lilipopoa. Yeye aliingiza kichwa chote pipani, akatoa. "Bado." Kesho yake, "Bado." Siku ya tatu alikaa nacho humo muda mrefu mpaka nikaogopa. "Sasa ni chuma kitupu," akasema.

Wiki mbili zilizofuata nilijifunza upya. Nilitia makaa na vipande vya mti wa mpera, yeye akakaa upande moshi unakoelekea, akatangaza. "Sasa harufu inakereketa. Subiri. Sasa imelainika. Ongeza kipande kimoja, nimesema kimoja." Nilipounyooshea mfuniko mkono, aliuchapa. "Kaa. Ukichungulia unaanza upya."

Jumapili Mpishi Mkuu alikula mbavu za ng'ombe zilizokaa pipani saa sita. Akalamba kidole gumba, akainuka kwenda kulizunguka pipa, mikono nyuma.

"Umejuaje pa kuukatia moshi?" akauliza.

Jibu lilikuwa jepesi, neno moja tu, "nimenusa", na ufunguo niliuona umetuna mfukoni mwake.

"Sikujua, mzee," nikasema. "Sisikii harufu. Tangu homa. Maziwa yale yaliyokatika, kosa lilikuwa langu."

Akamgeukia mama mkwe. "Kwa hiyo aliyepika ni wewe, mama."

"Mimi nimenusa," akasema mama mkwe, akikusanya sahani. "Aliyepika ni huyu. Na anajua kupika."

Mwaka wa kumi na moja. Ndiyo kwanza nisikie sifa kinywani mwake.

Ufunguo aliutundika kwenye msumari wangu Alhamisi iliyofuata, akamwambia dada anayeosha mboga kantini kwamba kuanzia kesho yeye atanusa maziwa na nyama, aseme kwa sauti, na mimi nimsikilize. Muuza maziwa nilimwomba radhi palepale nilipomlaumu, mbele ya watu walewale. Lakini Jumapili ile sikuyajua hayo. Mzee aliaga na ufunguo wake, mlango ukafungwa, nikaamini nimekosa kazi niliyoitaka maisha yangu yote.

Nikarudi uani. Mama mkwe akaleta stuli yake. Tulikaa pembeni ya pipa, makaa yakifa polepole, yeye akiniambia kila harufu inayopita: mpera, mafuta yaliyodondokea karaini, nguo za jirani, mvua iliyo mbali. Mfuniko sikuugusa.

Giza lilipoingia niliinuka kukusanya vyombo. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye kiti nilichokuwa nimekalia.

"Kimepata joto," akasema.