Nukta za Wembe

"Chai hii, wifi, sita kwa kumi."

Ndivyo alivyoniambia asubuhi ya kwanza, na kila asubuhi iliyofuata. Niliongeza sukari: sita. Nikatia tangawizi, chumba kizima kikanisifu: sita. Huyo ndiye wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa lugha kama mimi. Tuliitwa pamoja kusahihisha insha za mtihani wa kumaliza shule, tukalazwa bweni moja na wanawake wengine wanne. Birika moja, kioo kimoja, na maneno ya kutosha kujaza gunia. Kusema kweli mimi raha yangu ndiyo hiyo. Nyumba ikiwa na watu wawili naumwa kichwa.

Ukumbini tulikuwa meza kumi. Kila mtu alikuwa na namba yake ya siri, rundo la insha, kalamu nyekundu na mwongozo wa kusahihisha uliochakaa kabla wiki haijaisha. Na kila mtu alikuwa na jina la utani, maana walimu wakikaa pamoja hawana dogo. Wifi akaitwa Wembe. Yeye insha ya alama ishirini akikupa kumi na mbili, kampigie simu mama yako. Meza ya pili alikaa Asali, mzee mtanashati mwenye kicheko cha redio, anayegawa alama kama harusini. Mtu akichoka alikwenda kusimama karibu na Asali apate kucheka. Karibu na Wembe hakusimama mtu.

Halafu kulikuwa na Desimali, binti wa takwimu aliyeletwa na ofisi ya mitihani. Mwembamba, miwani mikubwa, kompyuta mapajani kama mtoto mchanga. Shikamoo zake zilitosha ukumbi mzima, lakini ukimuuliza anafanya nini alijibu, "Nawapima wapimaji, mama," kisha akarudi kwenye kompyuta. Tukamcheka. Tulidhani anatania.

Siku ya Alhamisi Mkuu wa usahihishaji akapanda jukwaani na karatasi moja. Alikuwa amechukua wastani wa alama za kila mtu, akaulinganisha na wastani wa ukumbi.

"Wengi wenu mko vizuri," akasema. "Lakini kuna mtu yuko chini ya wenzake alama tatu nzima. Huyo anawaumiza watoto wa watu. Namba saba, tuonane ofisini."

Ukumbi ukageuka wote kumtazama wifi. Namba ya siri, ndiyo, lakini siri gani hiyo mnayolala nayo bweni moja?

Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikabandika sikio. Mkuu hakuzunguka. Jumamosi jina lake litafutwa kwenye orodha ya wasahihishaji, moja kwa moja, na barua itakwenda shuleni kwake. Rundo lake lote litasahihishwa upya na "watu wenye huruma".

"Mkuu, soma mwongozo," nikamsikia wifi. "Nionyeshe alama moja niliyomnyima mtoto aliyestahili."

"Mama, wastani hausemi uongo."

"Hausemi uongo, Mkuu. Ila hausemi yote." Hiyo ilikuwa sauti ya Desimali! Kumbe alikuwemo ndani muda wote, kajibanza nyuma ya kabati. "Nipe hadi Jumamosi hiyohiyo. Karatasi zangu za mtego zinarudi kesho."

"Jumamosi saa nne," Mkuu akasema. "Mbele ya wote."

Mtego! Mwenzenu nilikaribia kuanguka na mlango. Wifi alipotoka nilimshika mkono, nikamvuta Desimali kwa mkono wa pili, hao hadi bwenini, nikawamiminia chai.

"Sasa mwanangu, tueleze. Mtego gani?"

Macho yake yakawaka nyuma ya miwani. "Kila alama, mama, ina watu watatu ndani yake. Mtoto aliyeandika, aliyetunga swali, na mwalimu mwenye kalamu. Ukiona kumi na mbili hujui nani kaileta. Mtoto dhaifu? Swali gumu? Au mwalimu mkali? Modeli yangu, yaani hesabu za kompyuta hii, inawatenganisha, kama unavyopepeta mchele, pumba huku, punje huku."

"Na mtego?"

"Mwanzoni mwa wiki niliingiza insha kadhaa, zilezile, kwenye marundo ya wote. Kesho nazirudisha. Ila safari hii karani wangu amezinakili neno kwa neno kwa mwandiko mwingine. Yenye mwandiko wa malaika nimeiandikisha kama nyayo za kuku, na nyayo za kuku nimezivika suti. Mwalimu anayepima hoja atatoa alama ileile."

"Ungetuficha," wifi akasema kwa ukali. "Sasa nimejua, kesho nitasahihisha kwa kujihami."

Desimali akacheka. "Kwenye rundo la insha mia za mada moja, mama, utaijua ipi?"

Wifi akanywa chai, akaweka kikombe. Hata sita yangu sikupewa siku hiyo, ndipo nilipojua kwamba mtu huyu anaogopa.

Ijumaa nilisahihisha jicho moja kwenye karatasi, jingine kwa wifi. Alikuwa vilevile: mgongo wima, kidole kwenye mwongozo, midomo inasoma kimyakimya. Meza ya pili Asali alikuwa akisimulia jinsi alivyofukuzwa na bata wa jirani, kalamu inatembea, alama zinadondoka. Bwenini watu walikwisha hukumu. "Ataondoka tu." "Afadhali, tupumue." Lisemwalo lipo, na kama halipo wenzangu walikuwa wanalileta kwa mkokoteni.

Jumamosi saa nne ukumbi ulifurika hadi wapishi. Desimali akawasha projekta. Ukutani yakatokea masanduku ya michoro, kila moja na namba yake kwa maandishi madogo ya kukodolea macho.

"Tazameni," akasema, na sauti yake ndogo ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Kila nukta ni insha moja iliyosahihishwa mara mbili na mtu mmoja. Ukitoa alama ileile mara zote mbili, nukta zako zinapanga foleni kutoka kona hadi kona. Ukibadilika, zinatawanyika."

Tukaanza kutafuta. Za kwangu zilikuwa foleni ya watoto wa darasa la kwanza: ipo, ila wanasukumana. Halafu mtu nyuma akapiga kelele, "He! Ile ya kule chini ni nini?"

Ilikuwa uzi. Nukta zimenyooka utadhani zimepigwa rula.

"Ile ni ya Mkuu mwenyewe!" mmoja akasema.

"Mkuu hasahihishi, we! Ile ya Asali, mtu mzoefu."

"Na ile iliyomwagika kama bisi?"

"Ya Wembe, si ndiyo? Hasira hizo!" Kicheko kikapita ukumbini.

Mkuu akasogea karibu na ukuta, akasoma namba ya ule uzi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena.

"Saba," akasema.

Jamani! Nilipanda juu ya kiti, na umri huu! Nikapiga kigelegele hadi wapishi wakanipokea. Wifi alikuwa amekaa, mikono mapajani, analia bila kukunja uso.

"Lakini bado ni mkali," Mkuu akasema, nusu akijitetea. "Alama tatu chini!"

"Tatu chini, Mkuu, kila siku, kwa kila mtoto, mwandiko wowote," Desimali akajibu. "Mzani unaopunja kiasi kilekile unarekebishika. Modeli inaujua ukali wake, inamrudishia kila mtoto tatu zake, basi. Mzani unaoyumba kama mlevi ndio huna la kuufanyia. Huo uliomwagika kama bisi, insha ileile imepata kumi na sita ikiwa na mwandiko mzuri, na tisa ikiwa na mbaya. Uthabiti hakuna, na uhalali hakuna, maana tulitaka kupima hoja, tumepima mwandiko. Namba sitaitaja."

Hakuhitaji. Asali alikuwa amesimama, kicheko chake cha redio kimezimwa. 

"Ile tisa," akauliza, "mtoto wa kweli angekuwa amefeli?"

"Angefeli, baba."

Mzee akachukua kalamu yake na mwongozo wake, akavuka ukumbi wote mbele yetu, akavuta kiti karibu na Wembe. Tangu tufike hakuna aliyewahi kuvuta kiti pale.

"Mama, rundo langu naomba nilirudie lote," akasema. "Unaanzia wapi wewe?"

Wifi akafuta macho kwa kiganja, akafungua mwongozo ukurasa wa kwanza. "Hapa. Na habari za bata uache nje."

Mkuu akaichana karatasi yake ya wastani. Kisha akamtangazia wifi kwamba anabaki, na kwamba watoto wa rundo lake wataongezewa alama tatu tatu. Mnadhani alishukuru?

"Tatu?" akaruka. "Mbili zingetosha!"

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea kikombe kitandani. Chumba kizima kikageuka kusubiri. Akanywa, akatafakari, akanitazama.

"Sita, wifi."

Nikamkumbatia hadi chai ikamwagika.