Kabla Hawajafumbua Macho

Ukumbi mzima ulikuwa umeketi. Yeye peke yake alisimama.

Mhadhiri alikuwa ameingia, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, na miaka minne ya masomo ya jioni ilimwinua fundi cherehani kabla hajafikiri. "Shikamoo, mwalimu!" akasema kwa sauti kamili, kama walivyozoea kule darasa la jioni.

Vijana mia tatu waliangua kicheko. Mhadhiri akainamisha kichwa kwa haya. "Jamani, mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Keti, tafadhali."

"Usijali, mama," binti aliyekuwa kando yake alimnong'oneza. "Umetufunza adabu sote."

Alikuwa na nia njema, binti wa watu, lakini siku ile hata wema ulimuuma. Mhadhiri alisoma mbio mbio, akafunga kompyuta yake, akatoka. Hakuuliza nani hakuelewa.

Basi akakata shauri. Wiki tatu za chuo zilitosha. Angerudi kwa Mwalimu Chaki, mwalimu wake wa jioni, amsaidie kufundisha wanaoanza. Moyo wake ulikuwa haujatoka kule hata siku moja: kwenye chumba cha nyuma ya zahanati, madawati yakibana mapaja, mlinzi akisinzia katikati ya hesabu na kuzinduka na jibu sahihi. Kule walimwita Pini, kwa sababu ya pini alizozoea kuzibana midomoni, na mkunga aliyesoma naye hakuchoka kumtania: "Wewe Pini, mwandiko wako unataka pasi!" Kule mmoja akikwama, wote walimsubiri.

Alifika jioni, mlango ukiwa wazi. Wote walikuwa wamesimama, macho wameyafumba, maana Mwalimu Chaki hakugusa ubao kabla ya kuomba. Mahali alipozoea kukaa Pini, karibu na dirisha, alisimama mwanamke mgeni mwenye mtoto mgongoni.

"Na mwenzetu Pini," Mwalimu Chaki alikuwa akisema, "huko aliko, ee Mungu, kati ya watu asiowajua. Akichoka, umshike mkono."

"Na mwandiko wake uunyooshe, Baba," mkunga akadakia.

Mlinzi alijizuia kucheka, akashindwa.

"Amina!" yule mgeni, ambaye hakuwahi kumwona Pini, akaitikia kwa sauti kuliko wote. "Nami nimfuate huko chuoni."

Pini alishika fremu ya mlango. Hatua mbili tu. Angekumbatiwa, angepewa nafasi kwenye benchi, wangemcheka kile kicheko alichokionea kiu wiki tatu. Na kesho jioni, yule mwenye mtoto mgongoni angeomba amfuate nani, mpaka wapi?

Sala ilikuwa inaelekea mwisho. Alijua ni pumzi ngapi zimebaki kabla hawajafumbua macho. Akavua viatu, akashuka ngazi pekupeku, taratibu, asisikike.

Alipofika njiani, chaki ilianza kugonga ubao. Alisimama pale, viatu mkononi, akisikiliza.