Bushi za Kijivu

Kavata na Rodgers walijuana chuoni wakisomea ufundi wa mitambo. Mwaka wa 1998 walikodi kibanda Athi River, wakaanza kutengeneza bushi za pampu za visima. Bushi ni kile kipande cha nailoni kinachozuia chuma kisisagane na chuma mkono wa pampu unapopanda na kushuka. Kathiani, alikozaliwa Kavata, mchanga ulizila upesi. Pampu zililegea, na akina mama wakarudi kuchota maji mtoni.

Wazo lilikuwa la Kavata. Alienda kwa wachongaji wa mawe laini ya Kisii akajaza gunia vumbi wanalofagia, linaloteleza kama sabuni. Alilichekecha kwa kitambaa, akalikausha jikoni, akalichanganya na nailoni iliyoyeyuka. Mwanzoni alitia vumbi jingi mno, bushi zikavunjika kama biskuti. Akapunguza, akapunguza tena. Rodgers alizisugua kwa chuma ndani ya maji ya mchanga. Siku walipotoa moja ya kijivu ambayo karibu haikuwa imelika, Rodgers alimkumbatia.

"Kavata, hii ni yetu!"

Baadaye Rodgers akaanza kukosa kazini. Mara ni jino, mara amefiwa na shangazi.

Kwenye maonyesho ya kilimo mjini Machakos, Kavata alikuta meza ya kampuni moja ya plastiki. Bushi za kijivu zimepangwa, na nyuma ya meza Rodgers amevaa tai.

"Vumbi lazima likauke kabisa," alikuwa akiwaeleza watu. "Likiwa na unyevu, nailoni inatoa mapovu, bushi inakuwa na vishimo."

Yalikuwa maneno ya Kavata, neno kwa neno.

"Nani alifikiria hii kitu?" mzee mmoja akauliza.

"Ni mimi," Rodgers akasema, kisha akamwona.

Kavata alingoja watu wapungue.

"Rodgers, ulisema ni yetu."

"Kampuni ilikuwa inataka mtu mmoja tu. Hata wewe ungefanya hivyo."

"Mimi?"

Rodgers akaanza kupanga upya bushi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Na shangazi yako?"

Rodgers akainamia boksi chini ya meza. Kavata alikuwa amempelekea mama yake Rodgers sukari na majani ya chai ya matanga, na yule mama alivipokea bila kuuliza ni nani amekufa. Hilo ndilo lililomliza njia nzima.

Alifunga kibanda, akarudi Kathiani kuwa fundi wa pampu. Mwaka uliofuata bushi mpya zikafika kisimani, jina la kampuni ile limepigwa mhuri ubavuni. Mama Mukai, mwenyekiti wa kamati ya kisima, alikuwa amesikia habari yote.

"Mwanangu, kama huwezi, tutatafuta fundi mwingine."

Kavata aliigeuza bushi mkononi. Alitamani iwe mbaya. Ilikuwa nzuri, laini, haina kishimo hata kimoja.

"Nipe spana, mama," akasema.

Aliziweka zote, akakaza, akasogea kando ili Mama Mukai ajaribu.