Nukta Iliyotulia Nyumbani

Ghali ndiyo huvunja upishi. Aliyesema ni rahisi hakuwahi kulipia simu mjini Gunsan, Korea, na Mi-ryeong angebishana naye mpaka mmoja wao akauke koo.

Mama yake, Ok-sun, alikuwa mteja wa kampuni ile kubwa tangu enzi za simu zenye antena ya kuvuta. Kila mwezi alilipia intaneti isiyo na kikomo, ya kutazamia sinema na mpira, ilhali kazi yake na simu ilikuwa moja tu: kumsengenya shemeji yake kwa dada yake aliyeko Iksan.

"Hizo kampuni ndogo mtandao wao mwepesi kama uji wa mgonjwa," alisema Ok-sun, akimenya vitunguu saumu.

"Mama, minara ni ile ile. Wanakodi tu."

"Mpangaji hawi mwenye nyumba."

"Lakini mvua ikinyesha, paa linawafunika wote."

Mama alicheka, na kwake kucheka ni kukubali. Jioni ile ile Mi-ryeong akaihamishia laini kwenye kampuni ndogo ya bei nafuu, namba ikabaki ya zamani.

Kwenye laini hiyo palining'inia nyingine ndogo, ya bangili ya baba. Mzee Pan-dol alikuwa ameanza kupoteza mambo: kwanza maneno, kisha majina, kisha njia. Bangili ilitoa habari za mahali alipo, na kwenye simu ya Mi-ryeong alionekana kama nukta ya kijani juu ya ramani. Kampuni mpya iliahidi kuihamisha nayo. Wangempigia mama, athibitishe kwa sauti yake, basi.

Wiki ile ile, Mi-ryeong akiwa kazini kwenye duka la dobi, pasi mkononi, mama alipiga simu.

"Baba yako yuko kwako?"

"Kwangu afuate nini? Yuko hapo nyumbani." Alikuwa ameshafungua ramani. Nukta ilikuwa imetulia juu ya paa lao. "Angalia chooni."

"Nimeangalia."

"Huko nyuma, kwenye vyungu vya achari ya kimchi?"

"Mi-ryeong. Viatu vyake havipo."

Aliikazia macho nukta. Siku zote ilitetemeka kidogo, hata mzee akiwa usingizini. Sasa haikutikisika. Bangili ilikuwa imekatika mtandao; hiyo ilikuwa nukta ya zamani.

"Mama, kampuni mpya walikupigia?"

"Wapi! Wamenipigia matapeli tu, zile namba zinazoanza na 070. Nimewakatia kila walipopiga, kama ulivyonifundisha."

Kweli alimfundisha. Jirani yao alipolaghaiwa akiba yake na sauti tamu ya "afisa wa benki", Mi-ryeong alibandika karatasi kwenye mlango wa friji: 070 USIPOKEE. Ni nyumba gani mjini isiyokuwa na sheria hiyo? Na kampuni ya bei nafuu ingewapigia wateja wake kwa namba gani, kama si hizo hizo za bei nafuu?

Aliacha shati mezani, akatoka mbio. Kituoni polisi walichukua maelezo. Nje barafu ilikuwa imeganda kando ya barabara, na upepo ulipenya mpaka kwenye meno. Alipita sokoni, akapita kituo cha mabasi, akichungulia uso wa kila mzee, na kila uso ambao haukuwa wa baba ulimwongezea baridi.

Akiwa amesimama kwenye taa za barabarani, simu za watu wote zililia kwa mpigo mmoja, tangazo la polisi. Anatafutwa Cha Pan-dol, miaka sabini na nane, mwembamba, mwenye mvi, koti la kahawia, kofia ya sufu ya buluu.

Bwana mmoja pembeni yake alisonya. "Kila siku wazee wamepotea! Tunalipia simu, tunaletewa kelele." Akalifuta tangazo kwa kidole gumba.

"Umemaliza kusoma?" Mi-ryeong alimuuliza.

"Unasemaje?"

"Kofia yake rangi gani?"

Bwana yule aliitazama simu yake, tangazo limeshafutika. Mi-ryeong akamjibia.

"Buluu. Ni baba yangu huyo. Fumbua macho."

Alivuka barabara. Hata hajafika ng'ambo, simu yake ikaita. Namba ilianza na 070, na kidole chake, kwa mazoea ya miaka, kikaenda kwenye kitufe chekundu. Kikasita hapo juu. Akapokea.

"Dada, napiga kutoka bafu la umma, hapa nyuma ya soko la samaki," ilisema sauti ya mwanamume aliyechoka. "Tangazo linasema koti la kahawia na kofia ya buluu. Humu ndani kila mtu yuko kama alivyozaliwa! Wote wembamba, wote wana mvi. Nimewauliza majina mmoja mmoja, wakanitukana. Ikabidi nifungue makabati. Nimekuta koti lina kitambaa chenye namba yako, kimebandikwa kwa pasi."

"Ni mzima?"

"Mzima? Ananigombeza kwamba maji yamepoa."

Alimkuta kwenye benchi la ukumbini, mwekundu kwa mvuke, vidole vimekunjamana, anakula yai la kuchemsha. Mi-ryeong alipiga magoti amvishe soksi.

Kaka yake mkubwa, Dae-gyu, akapiga kutoka Seoul.

"Mama kaniambia yote. Kwa woni chache tu, Mi-ryeong! Si ungeniambia nilipe?"

"Ulisema hivyo tangu tunanunua bangili, kaka."

"Usinibadilishie maneno. Angeganda njiani! Mpigie mama umwombe radhi. Na mimi uniombe."

Kosa alilijua. Hakumwonya mama kuhusu simu ile, na usiku angelala nalo peke yake, bila msaidizi kutoka Seoul. Aliivuta soksi mpaka kisiginoni.

"Kesho nakaa na mama, tunapokea simu yao, bangili inawaka. Bili nalipa mimi, kama siku zote. Radhi siombi."

"Mi-ryeong!"

"Siombi."