Boma Lililofuata Ukurasa

Maurine alihamisha blogu yake siku ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu mjini Kakamega hakuna anayetafuta kijitabu cha mazishi. Wateja huanza kuja Jumatano, picha za marehemu kwenye simu na ugomvi wa familia kooni, na Alhamisi mashine ya kuchapisha haipumziki hata kidogo. Jumatatu ni ya kufagia, kubadilisha wino na kunywa chai bila haraka. Alimimina chai yake, akarudisha mlango wa duka nusu, akaketi mbele ya kompyuta.

Blogu ilihusu kazi yake, kupanga kurasa. Alikuwa akiiandikia kwenye jukwaa la bure la watu wengine, na huko matangazo ya dawa za nguvu za kiume yalichomoza katikati ya mafunzo yake kuhusu safu na pambizo. Jambo hilo lilimkera sana. Mtu anayefundisha wenzake kuacha nafasi nyeupe hawezi kuvumilia mizizi na vichupa katikati ya nafasi hiyo. Kwa hiyo alilipia jina, akapata seva, akaanza kubeba makala zake moja moja kuzipeleka kwenye tovuti yake mwenyewe.

Makala iliyosomwa kuliko zote ilihusu kijitabu cha marehemu mzee Were wa Musanda. Ilikuwa na picha mbili za ukurasa mmoja, ule wa familia. Katika picha ya kwanza, Were alikuwa juu, na chini yake alipangwa Musimbi, mke mkubwa. Kisha Jescah, mke mdogo, amempakata binti yao Mitchel. Kisha Masinde, ndugu wa marehemu. Katika picha ya pili Jescah na Mitchel hawakuwepo. Masinde ndiye aliyefika dukani siku moja kabla ya kuchapa, akasema wale wawili watoke. Maurine aliuliza kama familia imekubaliana. Masinde alimjibu kwamba familia ni yeye. Basi Maurine akawatoa, akamsogeza Musimbi huku na Masinde kule mpaka pengo likazibika, na kazi ikatoka safi kiasi kwamba aliigeuza somo. "Ukimwondoa mtu," aliandika, "usiache pengo. Sogeza waliobaki mpaka jicho lisahau."

Asiyetoka pande hizo atadhani ni karatasi tu. Si karatasi. Kijitabu kikishasomwa mbele ya jeneza, mambo yamekwisha. Wazee wakikaa baadaye kuamua nani ni wa boma na nani alipita njia, wanakifungua pale kwenye familia, na asiyekuwemo hayumo, hata kama ndiye aliyemuuguza marehemu na kumwogesha kwa mikono yake. Jescah alikuwa amemuuguza, na alikuwa amemwogesha.

Jumatatu hiyo picha ya kwanza ilikataa kupanda kwenye tovuti. Maurine alijaribu, ikakataa, akajaribu tena, chai ikapoa. Mwishowe alipandisha ile ya pili peke yake na kuifuta blogu ya zamani. Ukurasa ulikaa vizuri, mweupe, bila tangazo lolote, naye alifurahi kama mtu aliyelala kwake kwa mara ya kwanza. Lakini ukurasa nao ulikuwa umeacha kupanga nyumba ya watu. Mpangaji hunyamaza. Mwenye nyumba hutoa amri.

Kule Musanda, Jescah aliliona jambo hilo kwanza kwenye kamba ya nguo. Kamba ilifungwa kutoka ukutani kwake hadi kwenye mti ulio mlangoni pa Musimbi, na asubuhi hiyo ilikuwa imelegea mpaka leso zikagusa udongo. Aliikaza. Kesho yake ikalegea tena. Alipoangalia vizuri aliona kwamba nyumba ya Musimbi imesogea upande wake, pamoja na mti, jiko na kizimba cha kuku, na upande wa pili nyumba ya Masinde nayo imekuja. Hazikuwa na kishindo. Zilisogea mchana, watu wakiwa shambani, na zilipofika mahali pa kupumzika zilitulia vumbi lao likitulia nazo.

Baada ya muda toroli halikuweza tena kupita kati ya nyumba. Kisha kuku alikwama hapo, ikabidi avutwe miguu. Musimbi akawa anaweza kumpa Jescah chumvi kutoka dirishani mwake bila kuinuka kwenye kiti.

"Mama Mitchel, tumesongeana sana," Musimbi alisema.

"Tumesongeana, mama mkubwa," Jescah alijibu, akapokea chumvi.

Hawakuwa na chuki wale wawili. Chuki ingekuwa rahisi zaidi, maana ina pa kuanzia. Ukuta wa Jescah ulipopata ufa na mlango wake kukataa kufunguka zaidi ya upana wa bega, Mitchel alimwonyesha mama yake ile makala kwenye simu. Jescah aliitazama kwa muda, akajifunga leso, akaja Kakamega.

"Wewe ndiye Maurine wa hizi vitabu za matanga?"

"Ndiye mimi. Karibu, mama. Keti."

"Sitaketi. Nyumba yangu inafinywa."

"Inafinywa na nani?"

"Na hiyo kitu uliandika. Vile umetupanga huko kwa simu, ndivyo tunakaa saa hii. Mimi na mtoto tunaingianga kwa mlango na ubavu."

Maurine hakubisha. Aliitisha picha ya boma, na Jescah alikuwa nayo kwenye simu. Maurine akaiweka kando ya ukurasa wake, akapima. Mwanya uliobaki kati ya Musimbi na Masinde kwenye ukurasa ulikuwa mwembamba kama uzi, na kule bomani nyumba ya Jescah ilikuwa njiani kuufikia. Maurine alikuwa akijisifu miaka yote kwamba macho yake hayakosei kipimo, na sasa alitamani yakosee.

"Unaweza kunirudisha?" Jescah aliuliza.

"Naweza."

"Basi nirudishe. Sitaki mambo kubwa. Nataka mlango yangu ifunguke."

Alikuwa amebeba picha ndogo, yeye na Mitchel wakiwa wamevaa nguo za kanisa. Maurine aliipandisha, na safari hii haikukataa. Alimsukuma Musimbi kushoto na Masinde kulia. Nafasi bado haikutosha, kwa hiyo akampandisha mzee Were juu kidogo, karibu na ukingo wa ukurasa. Jescah alishukuru, akakataa chai, akarudi Musanda. Alikuta nyumba yake imepumua na mlango unafunguka hadi mwisho. Alilia kidogo hapo mlangoni, kisha akaingia kupika.

Kaburi la mzee Were nalo lilikuwa limepanda. Liliondoka na saruji yake, vigae vyake na msalaba wake, likavuka ua, likatulia nje, kando ya njia ya matrekta ya miwa.

Maurine aliitwa bomani. Aliyekuja kumwita alikuwa Masinde, na alikuja kwa adabu, akangoja hadi mteja wa mwisho alipotoka. Adabu hiyo ilimtisha Maurine kuliko matusi. Alibeba kompyuta yake, na walipofika alikuta viti vimepangwa uwanjani na wazee wameketi, wengine wakilitazama kaburi kwa juu ya ua. Trekta lilipita na miwa yake. Dereva alivua kofia kwa heshima ya marehemu, akaendelea.

"Binti yetu," mzee mmoja alisema, "kazi yako tunaijua. Wewe ndiye ulitupangia hata mazishi ya mwalimu. Lakini mtu hawezi kulala nje ya boma yake kama mwizi. Hiyo imekataliwa tangu zamani."

"Naelewa, mzee," Maurine alisema. "Nikipunguza kila mtu kidogo, wote watatosha ndani. Hata marehemu."

"Nyumba yangu ipungue?" Masinde aliuliza. "Tayari chumba cha wageni kimeenda uliponisukuma kando."

"Mimi nipunguzwe," Musimbi alisema kutoka kwenye mkeka wa wanawake. "Sina vitu mingi. Mama Mitchel abaki."

Wazee walimshukuru Musimbi kwa moyo wake mwema. Walimshukuru kwa muda mrefu, na waliposhukuru wakawa wamemaliza kumsikiliza. Kisha yule mzee akatoa uamuzi.

"Aliyekufa hana miguu. Aliye hai anayo. Mrudishe ndugu yetu, na huyu mama atoke vile alikuwa ametoka."

Hakuna aliyemuuliza Jescah. Alikuwa amesimama mlangoni pake, mwiko mkononi, kwani alikuwa akisonga obusuma, ugali wao. Maurine alimtazama, akatazama wazee, akatazama skrini. Lingekuwa jambo la heri kusema kwamba alikataa. Vidole vyake vilijua namna ya kuwatosheleza wote, na kilichotakiwa kilikuwa kuminya tu. Lakini aliogopa. Aliziona familia zote za upande ule zikimpita na marehemu wao kwenda kwingine, akamwona Masinde na ile adabu yake, akaogopa kweli, na akaona haya kwa kuogopa. Mnyonge hana haki, watu husema, na wanaosema hivyo kwa kawaida huwa wameshashika kazi ya kumnyima.

Jescah alivuka uwanja akaja kusimama karibu naye.

"Dada, kabla haujanitoa," alisema polepole, "si wewe ulikuwa unakaa kwa watu, ukahama ukapata kwako?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi nipatie ukurasa yangu. Yangu peke yangu na mtoto."

Wazee walitazamana. Hawakuona ubaya wowote, kwa kuwa ukurasa si ardhi. Maurine akautengeneza palepale, kompyuta ikiwa magotini. Aliwaweka Jescah na Mitchel katikati, akawapa pambizo pana pande zote, akawachagulia herufi tulivu zisizopiga kelele. Hajawahi kutengeneza ukurasa mzuri kuliko ule. Kisha akauhifadhi, akarudi kwenye ukurasa wa Were, akafanya alichoambiwa.

Jescah alikuwa amesharudi ndani, maana ugali ulikuwa ukiungua, na Mitchel alikuwa akimshikia sufuria. Nyumba yao ilijinyanyua kidogo, ikapita katikati ya viti vya wazee, waliorudisha magoti yao, ikatoka langoni na moshi wake. Nyumba ya Musimbi na ya Masinde zikakutana nyuma yake. Kaburi likarejea ndani. Kila kitu kilikaa sawasawa, na mzee mmoja akasema kweli boma limependeza. Musimbi alijifunika uso kwa leso, akabaki hivyo.

Ukurasa wa Jescah una anwani yake kwenye tovuti na hufunguka vizuri. Duniani hauna pa kukaa. Kwa hiyo nyumba inatembea. Imeonekana Mumias siku ya soko, imeonekana Chekalini ikikata ukingo wa shamba la mahindi bila kuvunja hata bua. Ikisimama kupumzika, mwenye shamba hutoka, husalimu, huuliza habari za mtoto, kisha husema hapa pana mwenyewe. Jescah hujibu kwamba ameelewa, na nyumba huondoka. Bodaboda huipisha. Mitchel hufanyia kazi zake za shule dirishani, ingawa hana tena shule, kwa kuwa kila anapopita walimu humwambia hatoki eneo lao. Siku hizi haombi kitu anapoiona shule. Huinama tu kwenye daftari mpaka uwanja wa watoto upite.

Wiki iliyopita aliingia dukani mwanamume anayeitwa Bravin, kutoka upande wa Lugari. Alikuwa mpole, amenyoa vizuri. Alisema amesoma ile makala ya boma la Musanda na amelipenda, na angetaka familia yao ipangwe vivyo hivyo. Akaonyesha picha zao kwenye simu, moja baada ya nyingine. Palikuwa na mzee, na mama, na vijana watatu. Palikuwa na mwanamke kijana amembeba mtoto mgongoni, na hapo Bravin alipitisha kidole haraka.

"Pole sana kwa msiba," Maurine alisema. "Marehemu alituacha lini?"

"Bado. Ni baba, yuko nyumbani anakunywa chai. Tunataka tu boma ikae sawa mapema, ndio siku ikifika kusikuwe na maneno."

Mwanga wa mlangoni ulipungua, ukazimika kabisa, kwa sababu nyumba ya Jescah ilikuwa ikipita barabarani, polepole, kwenye msongamano wa mchana. Dirisha lake lilifika sawa na mlango wa duka, na Jescah alikuwa hapo akichambua mchicha.

"Maurine," aliita, "kumepatikana mahali?"

"Bado, mama."

"Haya."

Nyumba ilisonga mbele kuelekea msituni, na mwanga ukarudi dukani. Bravin alikuwa ameinua simu yake karibu na skrini ya kompyuta ili aone vizuri wakati wa lile giza. Hakuwa amegeuka hata mara moja.

"Itamalizika leo?" aliuliza.

Maurine aliivuta kompyuta. Alirudi kwenye picha ya yule mwanamke, akaikuza mpaka uso ukajaa.

"Huyu anaitwa nani?"

"Huyo achana naye," Bravin alisema.

Maurine aliifunga ile picha. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaanza na mzee.